Walatino wa Marekani: wanaingia au wanazaliwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mdogo wangu anaishi Houston, Texas, na mwezi uliopita amejifungua mtoto wa kike. Anasema wodi ya wazazi ilikuwa Kihispania mtindo mmoja: wauguzi, wazazi, hata televisheni ya ukutani. Mume wake ni Mmarekani mzaliwa wa San Antonio ambaye bibi yake mzaa baba alitoka Meksiko. Sisi huku Tanga tumebishana mpaka chai ikapoa. Shemeji zangu wanasema watu hao wanajaa Marekani kwa sababu mpaka uko wazi, mimi nasema ni uzazi. Nani yuko sahihi? Mpaka ukifungwa kabisa, wataacha kuongezeka? Na huyu mtoto wetu, naye anahesabiwa miongoni mwao?

JIBU: Marahaba, na hongera kwa kuwa mama mkubwa. Mtoto akue.

Kwa takwimu za miaka ishirini hivi tangu mwaka 2000, ushindi ni wako: uzazi ndio ulioongoza. Kwa miaka ya 1980 na 1990 shemeji zako wangekubana vizuri, na wangekubana tena kwa ile miaka ya 2022 hadi 2024. Ila mkigawana ushindi namna hiyo mtakuwa mmepata matokeo bila kuuona mchezo. Anayezaliwa leo Houston yupo kwa sababu kuna aliyevuka jana, na aliyevuka jana alivuka, pamoja na mengine, kwa sababu kwao juzi walizaliwa wengi. Nitaifuata kamba hiyo, halafu nitarudi kwa mtoto wenu, maana swali lake ndilo gumu kuliko yote.

Jina kwanza. Kwa Kiswahili Mhispania ni mtu wa Hispania, raia wa Madrid au Sevilla. Wengi wa tunaowazungumzia hawajawahi kuiona Madrid. Ni watu wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba, El Salvador, Gwatemala, Kolombia, Venezuela na kwingineko, na wapo waliozaliwa Marekani wasiojua Kihispania zaidi ya kuagiza chakula. Sensa ya Marekani huwaweka wote kwenye kapu moja, na kwenye kapu hilo mtu anaweza kuwa mweupe, mweusi, mwenye asili ya wenyeji wa kale wa Amerika au mchanganyiko wa yote. Nitawaita Walatino, kama redio zetu zinavyowaita.

Sasa chukua mfano wa jirani. Kijana anatoka Kigoma mwaka 1985, anashuka kwenye treni Dar es Salaam na begi moja, anapanga chumba Manzese. Ameongeza mtu mmoja Dar, kwa kuhamia. Miaka mitatu baadaye anamleta mkewe: kuhamia tena. Kisha wanazaliwa watoto watano. Ukiwauliza hao watano kwao ni wapi, watakwambia Manzese, na kwenye vitabu vya takwimu wao ni ongezeko la uzazi. Kufika 2015 wameshaanza kuzaa wenyewe. Mtu akikuuliza kama Manzese imejaa kwa kuhamia au kwa kuzaa, muulize kwanza anaiangalia kutoka mwaka gani.

Marekani ni hivyohivyo. Sensa ya 1980 ilihesabu Walatino milioni 14.6. Mwaka 1990 walikuwa milioni 22.4, mwaka 2000 milioni 35.3, mwaka 2010 milioni 50.5, na mwaka 2020 milioni 62.1, karibu mtu mmoja kati ya watano. Kati ya 2010 na 2020 nchi nzima iliongezeka watu milioni 22.7, na zaidi kidogo ya nusu yao walikuwa Walatino. Tarakimu hizi zinakuonyesha nyumba imejaa, hazikuonyeshi mlango uliotumika. Kwa hilo unahitaji daftari la mwenye duka: waliozaliwa, toa waliokufa, ongeza walioingia, toa waliotoka. Hiyo toa ya mwisho ndiyo watu huisahau, na mimi naiona kuwa nusu ya hadithi.

Wako Walatino ambao hawakuingia wala familia zao hazikuhama. San Antonio ya mume wa mdogo wako ilianzishwa na Wahispania mwaka 1718, wakati Marekani yenyewe haijazaliwa. Meksiko iliposhindwa vita na kutia saini mkataba wa Guadalupe Hidalgo mwaka 1848, watu walilala Meksiko wakaamka Marekani. Mpaka ndio uliowavuka, wenyewe husema hivyo. Lakini hao walikuwa wachache. Wimbi kubwa ni la karne ya 20, na lilianza na vibarua. Kuanzia 1942 hadi 1964 serikali mbili hizo zilikuwa na mpango wa mikataba uliowapeleka wanaume wa Meksiko kuvuna mashamba ya Marekani, msimu kwa msimu. Mpango ukafungwa, lakini njia walikuwa wameshaijua, na wenye mashamba walikuwa wameshawajua wao.

Nyumbani kwao nako nyumba zilikuwa zimejaa watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Meksiko alizaa kwa wastani watoto karibu 7. Mwaka 1974 serikali yao ikatunga sheria mpya ya idadi ya watu, na matangazo yakaanza kuwaambia wananchi kwamba familia ndogo huishi vizuri zaidi. Wasomaji wa rika langu watakumbuka ile nyota yetu ya kijani, alama ya uzazi wa mpango, kwenye kuta za zahanati. Ni mambo hayohayo. Uzazi ukashuka mpaka watoto 2 na kidogo. Ila aliyezaliwa amezaliwa. Mtoto wa 1970 alitimiza miaka 20 mwaka 1990, katika nchi iliyokuwa bado inauguza majeraha ya madeni ya 1982, na miaka minne baadaye pesa yake ikaporomoka tena. Ng'ambo ya pili ya mto wa mpakani kulikuwa na nyumba za kujenga, sahani za kuosha na nyanya za kuchuma.

Hapa naomba shemeji zako wasogee karibu. Mwanasosholojia Douglas Massey wa chuo kikuu cha Princeton, pamoja na mwenzake wa Meksiko Jorge Durand, wamekusanya tangu 1982 masimulizi ya maelfu ya familia za wahamiaji. Picha inayotoka humo ni hii: zamani wanaume walikuwa wakivuka na kurudi. Unaenda kuvuna, unarudi sikukuu ya Krismasi na redio mpya, unamalizia chumba cha matofali, mwakani unaenda tena. Mke na watoto wanabaki kijijini. Kisha mwaka 1993 mpaka ukakazwa pale El Paso, na mwaka 1994 pale San Diego. Wavukaji wakasukumwa hadi kwenye jangwa la Arizona, ambako watu hufa kwa kiu, na bei ya mtu wa kukuvusha ikapanda mara kadhaa. Fikiria wewe ndiwe uliyeko Los Angeles na umeshavuka. Utarudi Krismasi ili ulipe tena na kuhatarisha roho tena Januari? Hurudi. Unamtumia mke nauli aje yeye. Na mke akija, watoto wanaofuata wanazaliwa Los Angeles. Ua uliowekwa kuzuia kuingia ukazuia kutoka, na uzazi ukahamia upande wa pili. Simaanishi kila mtoto wa Kilatino amezaliwa kwa sababu ya ukuta. Namaanisha anayedhani kufunga mpaka ni kufunga bomba hajaangalia yaliyotokea mara ya mwisho lilipojaribiwa.

Kuna kisa kingine cha wakati huo ninachopenda kuwapa wanafunzi, kwa sababu kiliwatisha wengi. Mwaka 1986 Marekani ilitunga sheria iliyowapa vibali halali watu kama milioni 2.7 waliokuwa wakiishi bila karatasi, wengi wao kutoka Meksiko. Mara uzazi California ukapaa. Kwa wanawake wa Kilatino waliozaliwa nje, wastani ulitoka 3.2 mwaka 1987 hadi 4.4 mwaka 1991. Wapo waliosema ndiyo haya, wanatumaliza. Halafu ukashuka, na ukaendelea kushuka. Kilichotokea ni kwamba mume aliyepata karatasi alimleta mkewe, na watoto ambao wangezaliwa kidogo kidogo katika miaka ya kutengana wakazaliwa mfululizo katika miaka mitatu minne. Kiwango cha uzazi cha mwaka mmoja ni picha ya mnato. Ukimpiga mtu picha akiwa anaruka, usimwandike kuwa anaishi hewani.

Baada ya 2000 mizani ikageuka. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilipofanya hesabu ya watu wenye asili ya Meksiko kwa miaka ya 2000 hadi 2010, kilikuta watoto milioni 7.2 wamezaliwa Marekani, na wahamiaji wapya ni milioni 4.2. Katika miongo miwili iliyotangulia namba hizo mbili zilikuwa zinakaribiana. Mwaka 2008 ujenzi ulipokwama, vibarua wakakosa kazi, na ile toa ya mwisho ikaanza kufanya kazi yake: kati ya 2005 na 2010 walioingia kutoka Meksiko walikuwa kama milioni 1.4 na waliotoka kwenda Meksiko pia kama milioni 1.4. Bao la sare. Miaka mitano iliyofuata waliotoka wakawazidi walioingia. Wengine walifukuzwa, lakini wengi walirudi kwa hiari yao, kwa familia zao. Na kijijini hapakuwa tena na vijana wengi wa kuja kuchukua nafasi zao, kwa sababu wale watoto kama 3 wa miaka ya 1990 si wale 7 wa miaka ya 1970. Mwaka 2000 Walatino waliozaliwa nje walikuwa asilimia 40 ya Walatino wote wa Marekani. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 32. Wawili kati ya watatu ni wazaliwa. Kama mngebishana mwaka 2014, ningekupa kombe na medali.

Lakini kombe lina ufa. Wakati uzazi ndio unaoongoza, wanawake wenyewe walikuwa wanazaa watoto wachache zaidi kila mwaka. Mwaka 2007 mwanamke wa Kilatino Marekani alikuwa na wastani wa watoto karibu 3. Kufika 2018 wastani ulikuwa chini ya 2, na hujarudi juu ya 2.1, ambayo ndiyo idadi inayotosha kizazi kurithiwa na kingine bila kupungua. Waliopunguza zaidi ni wasichana wadogo: mwaka 2007 kati ya kila wasichana 1,000 wa miaka 15 hadi 19, zaidi ya 75 walijifungua, na mwaka 2020 walikuwa chini ya 25. Binti za waliovuka walimaliza sekondari, wakaenda chuo, wakaogopa kodi ya nyumba kama wenzao wote. Mtu anayesema Walatino wanazaa sana anazungumzia mama zao.

Utaniuliza, sasa ile wodi imejaa nini? Imejaa vijana. Idadi ya watoto wanaozaliwa inatokana na mambo mawili: kila mwanamke anazaa wangapi, na wanawake wenye umri wa kuzaa wako wangapi. La pili ndilo linalobeba mzigo siku hizi. Ukiwapanga Walatino wote wa Marekani kwa umri, wa katikati ana miaka 30 hivi. Ukiwapanga Wazungu wasio Walatino, wa katikati ana zaidi ya 43. Mwaka 2018 umri uliokuwa na watu wengi kuliko umri mwingine wowote, kwa Wazungu ulikuwa miaka 58, na kwa Walatino miaka 11. Kumi na moja! Watoto hao wa darasa la tano ndio wanaoingia umri wa uzazi sasa hivi. Kwa hiyo mwanamke mmojammoja anazaa wachache, lakini wanawake ni wengi, na wanaokufa ni wachache kwa sababu wazee wao ni wachache. Kitaifa mtoto mmoja kati ya wanne wanaozaliwa ana mama Mlatino, na Texas ni karibu nusu. Mdogo wako aliona kweli. Ila wodi ya wazazi haipimi nchi. Siku akienda kufanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee ya Texas hiyohiyo, atakuta wanaolazwa pale wengi ni Wazungu, na atadhani yuko jimbo jingine.

Vifo navyo visidharauliwe. Kabla ya janga la korona, Walatino waliishi muda mrefu kuliko Wazungu ingawa kipato chao ni kidogo, jambo ambalo limewaumiza vichwa wataalamu kwa miaka mingi. Sehemu ya maelezo ni uhamiaji tena: anayethubutu kuhama huwa ni mzima wa afya, na baadhi ya wagonjwa hurudi kwao kufia, hivyo kifo chao hakiandikwi Marekani. Korona ilipokuja iliwakuta jikoni, viwandani na kwenye nyumba za watu wengi. Vifo vyao vilitoka kama 212,000 mwaka 2019 hadi zaidi ya 300,000 mwaka 2020, na umri wa kuishi ukashuka kwa zaidi ya miaka 4 ndani ya miaka miwili. Tangu hapo umepanda tena.

Kisha likaja wimbi ambalo shemeji zako waliliona kwenye televisheni. Mwezi Desemba 2023 doria ya mpaka wa kusini ilikamata watu karibu 250,000. Wengi hawakuwa Wameksiko. Katika wimbi hilo walikuwemo Wavenezuela, Wakuba, Wanikaragua, Wakolombia, na wengi walipita msitu wa Darién, kati ya Kolombia na Panama, na watoto mgongoni. Wavenezuela peke yao walikuwa chini ya 100,000 nchini Marekani mwaka 2000, na mwaka 2021, kabla hata wimbi hilo halijakolea, walikuwa wamepita 600,000.

Angalia jinsi hesabu ilivyoyumba, kwa maana hapa hata wataalamu walikanyaga ndizi. Ofisi ya Sensa ilipotoa makadirio ya katikati ya 2023, ilisema Walatino wameongezeka milioni 1.16 kwa mwaka na kupita milioni 65: kama 720,000 kwa uzazi ukitoa vifo, na kama 440,000 kwa uhamiaji. Mwaka uliofuata ofisi hiyohiyo ikabadili namna ya kukadiria wahamiaji, ikaanza kutumia pia kumbukumbu za kiserikali za watu walioruhusiwa kuingia kwa sababu za kibinadamu. Hao walikuwa wanaponyoka, kwa sababu dodoso la kaya humkuta aliyetulia kwenye kaya, na wao walikuwa kwenye makochi ya ndugu na mahoteli ya muda. Makadirio mapya yakasema Walatino wamefika milioni 68 katikati ya 2024, ongezeko la milioni 1.9 kwa mwaka mmoja. Wanawake hawakulala na mtoto mmoja wakaamka na wawili. Kilichozidi ni wahamiaji, na sehemu ya walioonekana kuzidi walikuwepo tangu awali, ila kalamu haikuwafikia. Ukisikia uhamiaji umeongezeka, uliza kama walioongezeka ni watu au ni macho ya anayewahesabu.

Basi, mpaka ukifungwa kabisa? Tangu Januari 2025 serikali ya Trump imekuwa ikijaribu jambo la karibu na hilo, na inafukuza pia. Chukua zile 720,000 za uzazi ukitoa vifo. Hata asiingie mtu mmoja na asitoke mtu mmoja, watu milioni 65 wangeongezeka kwa zaidi kidogo ya asilimia moja kwa mwaka, na wangeendelea hivyo kwa miaka mingi, kwa sababu mabinti wa kuzaa wameshazaliwa Texas na California na ni raia. Ongezeko lingepungua polepole kadiri rika hilo linavyozeeka, maana wastani wao ni chini ya watoto 2. Kufunga mpaka kungeonekana haraka kwenye safu ya walioingia, lakini kwenye safu ya waliozaliwa kungechukua kizazi. Kufukuza ni jambo jingine: ukimtoa mama wa miaka 25 umetoa na watoto ambao angezaa, kwa hiyo safu zote mbili zinashuka pamoja. Kuhusu ile amri ya kuwanyima uraia watoto wa wasio na vibali, iliyopelekwa mahakamani wiki ileile iliyotolewa, kumbuka kwamba haigusi hesabu hii. Sensa ya Marekani humhesabu anayeishi pale, awe na karatasi au asiwe nayo.

Puerto Rico nitaipita haraka, ingawa inachanganya wengi. Wenyeji wake ni raia wa Marekani tangu 1917, kwa hiyo akihama kutoka San Juan kwenda Orlando hahesabiwi kuwa ameingia nchini. Kisiwa hicho kilikuwa na watu milioni 3.73 mwaka 2010 na milioni 3.29 mwaka 2020. Uchumi ulianguka, kimbunga Maria kikapiga Septemba 2017, vijana wakaondoka, na sasa kisiwani wanakufa wengi kuliko wanaozaliwa. Sehemu ya walichopungukiwa wao ndiyo Florida iliyoongezewa.

Sasa mtoto. Ili nimjibu lazima niseme kuhusu mlango wa tatu, ambao si wa mpakani wala wa wodini. Ni wa kwenye fomu.

Mwaka 2002 nilikuwa karani wa sensa Temeke. Nikamuuliza bibi mmoja amezaa watoto wangapi. Akanitazama, akasema watoto si kuku, hawahesabiwi. Nikasubiri. Mwishowe akasema, andika unachotaka wewe mwenye kalamu. Sijamsahau, kwa sababu kila tarakimu niliyoisoma baadaye maishani ilikuwa na bibi kama huyo nyuma yake. Na mimi sikuwa hata na swali la kabila: Tanzania haijauliza kabila kwenye sensa tangu 1967. Wakenya wanauliza, na wanajua ugomvi wake. Huku pwani tumebishana miaka nenda rudi Mswahili ni nani, na ukibadilisha jibu, idadi ya Waswahili inabadilika bila mtu kuzaliwa wala kufa.

Marekani nayo ilihangaika. Sensa ya 1930 iliwaandika Wameksiko kama jamii yao ya rangi. Wakalalamika, serikali ya Meksiko ikalalamika, na kufika 1940 jina hilo likafutwa. Mwaka 1970 wakajaribu swali jipya kwa sampuli ya kaya, lenye kisanduku cha Amerika ya Kati au Kusini. Wakazi wa majimbo ya kati na ya kusini mwa Marekani wakakitia alama, kwa kuwa wao si wanaishi kati na kusini? Kuanzia 1980 kila kaya inaulizwa. Mwaka 2020 kosa dogo la kupanga majibu kwenye utafiti wa kila mwaka lilifanya Wabrazili zaidi ya 400,000 waonekane Walatino, wakati mwaka uliotangulia walikuwa 14,000 tu, kwa sababu kwa kawaida serikali haiwahesabu humo watu wa nchi zinazozungumza Kireno. Ilikuwa kosa la kompyuta, lakini lilifichua kwamba Wabrazili wengi hujiona hivyo. Na upande wa pili wapo wanaokosekana: tathmini ya sensa ya 2020 ilionyesha Walatino walihesabiwa pungufu kwa karibu asilimia 5.

Wapo pia wanaotoka wenyewe kimyakimya. Pew waliuliza watu wazima wenye asili ya Kilatino kama wanajiita hivyo. Wahamiaji wenyewe, asilimia 97 walisema ndiyo. Watoto wao, 92. Wajukuu, 77. Kizazi cha nne, nusu tu. Hakuna aliyefukuzwa hapo. Watu wameoana, majina yamebadilika, bibi amefariki na lugha yake. Mwaka 2015 zaidi ya robo ya Walatino waliofunga ndoa walioa au kuolewa na asiye Mlatino. Mume wa mdogo wako ni mmoja wa mkondo huo: bibi kutoka Meksiko, yeye mjukuu, bintiye kizazi cha nne. Kwa takwimu, yuko palepale sarafu inaporushwa.

Siku aliyozaliwa ameshaandikwa mara moja. Takwimu za vizazi za Marekani hupangwa kwa asili ya mama, kwa hiyo kwenye jedwali la mwaka huu yeye ni mtoto wa mama mweusi asiye Mlatino, na yule bibi wa Meksiko hayumo. Kuelekea tarehe 1 Aprili 2030, siku ya sensa, fomu itafika nyumbani kwao. Kwa kanuni zilizoidhinishwa mwaka 2024, Mlatino na mweusi vimo kwenye swali moja, na mtu anaruhusiwa kutia alama zaidi ya moja na kuandika chimbuko lake. Mwenye kuijaza anaweza kutia vyote viwili akaandika Tanzania na Meksiko, na hapo mtoto atakuwa Mlatino ambaye hakuvuka mpaka wala hakuhesabiwa kwenye vizazi vya Walatino. Au anaweza kutia kimoja. Mtoto atakuwa na miaka michache tu, hataulizwa. Muulize mdogo wako ni nani kati yao wawili hujaza karatasi pale nyumbani.